Babu alikuwa wapi historia ilipokuwa inatokea?

Ukimkuta mzee wa miaka 90 hivi ukamuuliza usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa wapi, unategemea akupe bendera moja inashushwa nyingine inapanda, mwenge juu ya Kilimanjaro, watu wanalia kwa furaha. Wengi hawakupi hiyo. Atakwambia alikuwa shamba, au alilala mapema, au ataruka kabisa aanze kusimulia mwaka waliokula ugali wa njano, na wewe na simu yako ya kurekodi unabaki unajiuliza huyu mzee kachanganyikiwa au mimi ndo sijui kuuliza.

Mara nyingi ni hilo la pili. Shule imetufundisha historia kwa tarehe na majina ya viongozi, kwahiyo tunaenda kwa wazee tukiwa na fomu kichwani, mwaka fulani tukio fulani, ulikuwa wapi, uliona nini. Maisha ya mtu wa kawaida hayajapangwa hivo. Yamepangwa kwa kodi, kazi, bei, njaa na kuhamishwa, na ukichimba ndani ya hivyo vitu matukio makubwa yote yamo humo humo, ila yamefika yamechelewa na yamepita njia ya pembeni, kama mvua iliyonyesha milimani usiku halafu asubuhi jua linawaka bondeni, mto unafurika, na mtu wa bondeni anashangaa maji yametoka wapi.

Ili tusiongee hewani tuchukue mtu mmoja tumfuate. Ni wa kubuni, simpi jina, ila kila kinachomkuta hapa chini kiliwakuta watu wengi kweli. Mwanaume, Muha, kazaliwa upande wa Kibondo mkoani Kigoma, kwenye 1926 hivi.

Hiyo "hivi" yenyewe ni somo. Mtu wa 1926 kijijini hakuwa na cheti, kwahiyo mwaka wake unapatikana kwa kuuliza alizaliwa kabla au baada ya nini. Upande wa Ugogo watu wangekwambia kabla au baada ya Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 mpaka 1920. Sehemu nyingi za nchi kuna mwaka wa nzige, ambao kwa kawaida unaangukia mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kigoma wana bahati ya kuwa na meli: ile ambayo leo tunaiita Liemba ilijengwa na Wajerumani, wakaizamisha wenyewe 1916 ili isichukuliwe, ikatolewa majini 1924 na ikaanza safari tena 1927, kwahiyo mzee akikwambia "mama alisema nilikuwa mgongoni meli ilipoanza kutembea tena" amekupa tarehe nzuri kuliko kitambulisho chake. Kitambulisho kinasema tarehe 1 mwezi wa kwanza au tarehe 1 mwezi wa saba, kama vya wazee wengine kibao, mana karani alikuwa na foleni na ilibidi aandike kitu.

Kabla hajazaliwa, baba yake alikuwa ameshaishi chini ya serikali tatu bila kuhama nyumba. Kitabu cha shule kinasema Wajerumani walishindwa, Waingereza wakachukua Tanganyika. Kwa Dar es Salaam au Tanga sawa. Kwa Kigoma walioingia 1916 ni Wabelgiji kutokea Kongo, wakakaa mpaka Machi 1921 ndo wakakabidhi kwa Mwingereza. Hii kitu haipo kwenye kichwa cha Watanzania wengi kabisa, lakini mtu wa Ujiji au Kasulu miaka ile alikuwa anaongozwa na askari wa Kibelgiji na hakuna aliyemwambia hiyo ni hali ya muda. Na usidhani ni wanakijiji tu waliopata habari kwa kuchelewa. Vita Kuu ya Kwanza iliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alipata taarifa siku kama mbili baadaye akiwa porini Rhodesia ya Kaskazini, na akaweka silaha chini tarehe 25 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Kama jenerali mwenye wajumbe na ramani alichelewa hivo, mpagazi aliyebeba masanduku yake unadhani aliambiwa lini?

Kitu kimoja kilichobaki palepale kwenye serikali zote tatu ni kodi. Wajerumani waliianzisha 1897 kama kodi ya nyumba, kuanzia rupia 3 kwa mwaka, Waingereza wakaiendeleza kama kodi ya nyumba na ya kichwa, na chini ya utawala wa Gavana Donald Cameron kuanzia katikati ya miaka ya 1920 wakairudisha mikononi mwa machifu, kwahiyo Buha, yaani nchi ya Waha, aliyekuja kudai alikuwa mtu wa mwami (chifu) na watwale wake (machifu wadogo chini yake), mtu unayemjua, pengine ndugu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea wakisoma ukoloni. Wanatafuta mzungu mwenye kofia ngumu. Mtu wetu angeweza kufika miaka 15 hajaongea na mzungu hata mmoja, na bado kila uamuzi wa nyumbani kwao ukawa umepindishwa na hiyo risiti ya kodi. Kodi inataka hela taslimu, na Buha hela taslimu zilikuwa ngumu, reli ilifika Kigoma 1914 lakini kusafirisha mazao mpaka pwani kulikuwa mbali na ghali, kwahiyo kilichokuwa rahisi kusafirisha kutoka mkoa ule ni mtu mwenyewe.

Kabla hajafikia umri wa kulipa, alihamishwa. Miaka ya 1930 malale yalienea magharibi mwa Tanganyika, na serikali ikaamua watu waliotawanyika porini wakusanywe kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa ili mbung'o wakose pa kukaa. Mtoto wa miaka minane tisa anakumbuka nini? Anakumbuka nyumba kubomolewa, mbuzi kutembea njia ndefu, mama kulalamika kuhusu migomba iliyoachwa. Hakumbuki neno malale. Shika hiyo, tutaihitaji mbele.

Sasa kuna jambo ambalo mimi naliona ndilo tamu kuliko yote kwenye maisha ya huyu mtu. Desemba 1941 Japani inaivamia Ufilipino, Machi 1942 inachukua visiwa vya Indonesia vilivyokuwa vya Waholanzi. Wewe unasema sawa, inahusiana nini na Kibondo? Inahusiana hivi: huko ndiko zilikotoka nyuzi ngumu nyingi za dunia, za kutengenezea kamba za meli na za kufungia mazao. Nchi zilizokuwa zinapigana na Japani zikajikuta hazina kamba. Sehemu kubwa iliyobaki ni Afrika Mashariki na mkonge wake, ule ambao Richard Hindorf aliuleta 1893 kutoka Florida na ikapona miche 62 tu (hiyo 62 ndo ikawa mama wa Tanga yote). Mashamba yakahitaji watu haraka, na kwenye miaka hiyo ya vita serikali ikaruhusu watu wapelekwe kwa lazima kwenye mashamba ya watu binafsi, mpira, chakula, na mkonge pia. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, kikiwa na makambi ya kupokelea watu kutoka mikoa ya mbali, Kigoma ikiwemo.

Kwahiyo kijana wa miaka 18 anapanda treni ya reli ya kati kwenda kukata mkonge Tanga kwa sababu ya vita ambayo asilimia kubwa ya maisha yake hatajua ilipiganwa wapi. Ukimuuliza kwanini ulienda atakujibu "kodi" au "kutafuta mahari" au "wenzangu walienda", na yote ni kweli. Jirani yake akaingia jeshini, King's African Rifles, na 1944 yuko Burma kwenye matope. Watanganyika zaidi ya 80,000 walihudumu kwenye vita ile. Yule wa Burma akirudi anakuwa na stori, na kitabu kinamkumbuka. Manamba, yaani kibarua wa mkataba kama mtu wetu, hana medali. Lakini ukiniuliza mimi, wote wawili walikuwa kwenye vita moja.

Huko shambani ukitaka kuelewa kichwa cha manamba lazima uelewe kipande. Kipande ni kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi ya leo, yale mafungu ya majani uliyopangiwa, siku inaandikwa. Usipomaliza haiandikwi, hata kama umetoka jasho toka alfajiri. Mshahara unakuja kadi ikijaa, sio mwezi ukiisha. Kwahiyo mwezi wa manamba ulikuwa na siku 35, 40, kutegemea malaria, mvua, na hali ya nyapara. Halafu leo tunamuuliza mtu huyo "ilikuwa mwaka gani?" Yeye anahesabu kwa vipande. "Nilipomaliza mkataba wa kwanza", "nilipotolewa kukata nikapelekwa korona", hizo ndo tarehe zake, na korona kwa asiyejua ni kiwanda cha kusaga majani yabaki nyuzi.

Juni 1950 vita ya Korea inaanza, nchi kubwa zinaogopa zinaanza kulimbikiza malighafi, bei ya mkonge inapaa. Mwaka 1951 mkonge peke yake ulikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya kila kitu Tanganyika ilichouza nje. Ni utajiri wa ajabu na ulipita juu ya kichwa cha mkataji. Alichoona yeye ni kazi kutafutwa zaidi, mawakala kuwa wapole kidogo, na bidhaa kwenye duka la kambini kuwa nyingi. Na kama angekuwa na bahati mbaya zaidi angepelekwa kwenye ule mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza 1947 kwa sababu Waingereza kwao walikosa mafuta ya kula baada ya vita, wakapoteza pauni milioni 36 hivi kabla ya kuuacha 1951. Huo nao ni mwingine wa kuandika siku yake.

Haya, TANU. Tarehe 7 Julai 1954 inajulikana. Mtu wetu alijiunga lini? Pengine hakujiunga mwaka huo wala uliofuata. Kilichomfikia kwanza ni chama cha wafanyakazi wa mashamba, mana kilizungumza lugha ya kipande, na 1958 pale Mazinde kukawa na mgomo mrefu ambao kila kambi ya mkonge iliusikia. Uchaguzi wa 1958 wenyewe haukumhusu, kwa sababu moja ya njia za kupata haki ya kupiga kura ilikuwa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, kitu ambacho mkata mkonge hawezi kuota, na elimu wala cheo hakuwa navyo. Uhuru wa 1961 umekuja kupitia chaguzi ambazo yeye hakupiga. Kura yake ya kwanza inawezekana ni ya urais mwaka 1962. Kwahiyo akikwambia tarehe 9 Desemba alilala mapema usimshangae sana, sherehe ilikuwa yake kwa moyo ila hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu kabla ya hapo.

Hapa ndipo pana fundo gumu, na naomba tukae kidogo. Wazee wengi wa mkonge wanasema waziwazi: "Uhuru ulipokuja, kazi zikaisha." Mjukuu aliyesoma anaona aibu, anataka kufuta hiyo sentensi au kumsahihisha. Usifute. Ila usiimeze nzima pia. Kilichotokea ni mambo matatu yaliyofika karibu wakati mmoja. La kwanza, vyama vya wafanyakazi na serikali mpya walipandisha mishahara mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wenye mashamba wakajibu kwa kupunguza watu na kuacha kuwaleta wa mbali, yaani wale wa Kigoma na Songea, mana mtu wa mbali ana nauli na gharama nyingine. La pili, bei ya mkonge duniani, iliyokuwa nzuri 1963 na 1964, ikaporomoka. La tatu, wenye viwanda Ulaya na Marekani walianza kutengeneza kamba za plastiki zinazotokana na mafuta, na hili halikuwa na uhusiano wowote na nani anakaa Ikulu. Uzalishaji ulifika tani 230,000 hivi mwaka 1964 na kuanzia hapo ni kushuka, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 ikabaki kama tani 20,000. Mzee aliona bendera mpya na barua ya kuachishwa ndani ya miaka michache, akaunganisha. Kwa lile la kwanza hajakosea sana. La pili aliliona nusu. La tatu halikuonekana kabisa kutoka pale aliposimama, hakuna mtu Korogwe aliyepita kambini akatangaza kwamba kuna mtu maabara ametengeneza uzi.

Ndo maana nasema kumbukumbu ya mtu ni ushahidi mzuri sana wa kilichompata na ushahidi dhaifu wa kwanini. Ukitenganisha hivyo viwili kazi yako inakuwa nyepesi. Mwamini kwenye njaa, kwenye kipigo, kwenye mshahara, kwenye nani alikuja na lori. Kwenye sababu, msikilize kwa heshima halafu nenda katafute.

Azimio la Arusha, 5 Februari 1967, benki zikataifishwa kesho yake, mashamba mengi ya mkonge baadaye mwaka huo huo. Mtu wetu ameshapanda treni karudi Kibondo. Kwa miaka 20 na kitu alikuwa mtu wa mkonge, na mkonge ulipokuwa mali ya umma yeye hayupo tena, analima maharage na muhogo. Azimio alilisikia redioni kwa jirani. Kilichomgusa yeye kwa mkono ni cha 1969, kodi ya kichwa ilipofutwa. Cha ajabu hiki vitabu vingi vinakipa mstari mmoja. Kitu kilichoanza 1897, kilichomtoa baba yake na yeye nyumbani, kilichofanya vijana wakimbilie porini wakisikia askari wanakuja, kinaondoka. Kama ingekuwa ni mimi napanga sikukuu zake ningeweka hiyo. (Ilirudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, watu wakakimbizana tena na mgambo, mpaka ikafutwa 2003. Kwahiyo ukisikia mzee anasimulia kukimbia kodi usidhani ni mkoloni, muulize mgambo alivaa nini.)

Halafu akahamishwa mara ya pili. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini Kigoma ilianza mapema kuliko mikoa mingi, 1972, na Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima na mwisho ni 1976. Mpaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi kwenye vijiji rasmi. Kwa mtu wa Kibondo ilikuwa lori, katibu kata, mgambo, na nyumba inayobomolewa au kuchomwa ili usirudi. Na hapa ndo lile la malale linarudi. Mzee anasimulia "walipotuhamisha" na wewe unaandika 1974, kumbe nusu ya picha anazokupa ni za miaka ya 1930, mbuzi na migomba ya mama yake. Yuko sawa, kuhamishwa kote kulifanana: serikali inakuja, inasema ni kwa faida yenu, inataka mkae karibu karibu. Mara ya kwanza waliambiwa ugonjwa, ya pili shule, maji na zahanati. Ukitaka kuzitenganisha usiulize mwaka. Muulize mama yako mzazi alikuwa hai? Ulikuwa na watoto? Nani alishika orodha, mtwale au mwenyekiti wa TANU? Machifu serikali iliwaondoa 1963, kwahiyo mtwale akitajwa umeshajua.

Ule ugali wa njano nao ni hivohivo. Ukame wa 1973 na 1974, mavuno mabaya, watu wametoka kuhamishwa wengine wako kwenye mashamba ambayo hayajawahi kulimwa, bei za mafuta duniani zimepanda, serikali ikaagiza mahindi nje, yakaja ya njano kutoka Marekani, watu wakayaita Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Mpaka leo wasomi wanabishana kiasi gani ilikuwa mvua na kiasi gani ilikuwa operesheni, na kwa maoni yangu wanaotaka jibu moja wanapoteza muda, mkoa wenye mvua nzuri uliohamishwa vibaya ulikuwa na njaa ya aina yake na mkoa mkavu ambao haukuguswa sana ulikuwa na ya kwake. Shida ya mtu anayerekodi stori ni kwamba unga wa njano ulikuja tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Swali linalosaidia ni moja tu: kabla au baada ya vita ya Amin?

Vita hiyo yenyewe, Uganda ilivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Haraka haraka kwa vitabu. Kwa nyumba ya mtu wetu vita ni mtoto wa kiume aliyechukuliwa mgambo, akarudi baada ya mwaka na kitu akiwa kimya, halafu kilichofuata ni sabuni. Watu wa miji wanakumbuka foleni, Kigoma wao angalau walikuwa na mawese na sabuni ya kienyeji, ila chumvi, khanga, betri za redio, hivyo havikuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya kahawa iliyopanda sana 1976 na 1977 imeshuka, mafuta yamepanda tena 1979, na vita imekula akiba. Mambo manne, tukio moja dukani: rafu tupu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Mpakani Burundi biashara ya magendo ilikuwa ndo duka. Kwahiyo neno mhujumu lililotisha Dar es Salaam, Kibondo lingeweza kumwangukia shangazi yako mwenye doti mbili za khanga chini ya gunia la maharage. Rais Mwinyi akaingia Novemba 1985, mwaka uliofuata serikali ikasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa, mitumba ikajaa, na ukimuuliza mzee kuhusu marekebisho ya uchumi hajui, muulize suruali ya kwanza ya mtumba alinunua lini.

Nimesema mtu wetu ni mwanaume na nimefanya hivyo kwa sababu ni rahisi, makaratasi yanamfuata. Risiti ya kodi, kipande, orodha ya treni, kadi ya chama, vyote vina jina la mwanaume. Mke wake aliyebaki Kibondo miaka yote ile akilima, kulea na kusubiri hela isiyokuja, serikali ilimwona pale tu alipokuwa mke wa pili na kodi ikaongezwa kwa ajili yake. Ukimtafuta kwenye nyaraka humpati. Wanawake waliingia kwenye karatasi waliposababisha shida, kama wale wa Upare walioandamana miaka ya 1940 kuunga mkono upinzani wa kodi mpya ya mbiru, au walipopangwa na mtu kama Bibi Titi Mohamed, ambaye kuanzia 1955 aliwaingiza TANU kupitia vikundi vya ngoma. Waliobaki, ushahidi wao ni simulizi, kwahiyo ukienda nyumbani wikiendi halafu ukamhoji babu peke yake bibi akiwa jikoni umechukua nusu, na nadhani ile nusu nyepesi. Bibi ndo anajua njaa ipi ilikuwa ipi, yeye ndo aliyepika.

Mambo mawili yanaharibu stori nyingi za familia nazozisoma. Kuna wanaomvuta babu mpaka kila tukio, babu alipigana Maji Maji wakati kazaliwa 1920, babu alikuwa rafiki wa Nyerere. Na kuna wanaomfanya babu jani linalopeperushwa, mkoloni kamfanya hivi serikali ikamfanya vile, hana akili yake. Mtu wetu alikuwa na akili yake kila kituo. Alienda Tanga kwa mkataba wa pili wakati wa kwanza ulishamuonyesha hali ilivyo, kwa hesabu zake. Alikubali kuhama 1974 mchana na usiku akarudi kupalilia muhogo wa kule kwa zamani, kama walivyofanya wengi. Alificha mtoto mmoja mgambo walipokuja na kumtoa mwingine, na hilo usitegemee akwambie siku ya kwanza.

Miaka ya 1990 historia ilimfikia mlangoni kwa miguu. Wakimbizi wa Burundi alishawaona 1972, wengi walipelekwa makazi ya mbali kama Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye anauawa Bujumbura, watu wanavuka kwa maelfu, na safari hii makambi yanajengwa palepale, Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo, Mtabila, Muyovosi na kuanzia 1996 Nyarugusu, iliyojengwa kwa ajili ya Wakongo, upande wa Kasulu. Mzee ana miaka karibu 70. Kuni zikawa mbali, wezi wakaongezeka, barabara zikatengenezwa, unga na mafuta ya msaada vikauzwa sokoni bei chee, na sheria ikasema mkimbizi asitoke zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini ila vibarua walikuwa wanatoka tu, wanalima siku nzima kwa malipo ambayo Muha wa pale asingekubali. Mzee akaongeza shamba. Kijana wa Kirundi analima mistari aliyopangiwa, akimaliza analipwa, asipomaliza anaambiwa arudi kesho, na anayesimama pembeni kuhesabu mistari ni mtu aliyebeba kipande Tanga zaidi ya miaka 20. Ukimuuliza kuhusu 1993 atakwambia huo ndo mwaka kibarua kilishuka bei, na ukitaka kujua alijisikiaje kuwa yeye ndo anayehesabu, itabidi ukae naye zaidi ya jioni moja.